Padri Albert Joubert: Mwenyeheri wa Ziwa Tanganyika anayesubiri mahujaji wake

KALEMIE, DRC — Katika orodha ya wafiadini wanne waliotangazwa wenyeheri mjini Uvira Agosti 18, 2024, jina lake husomwa mwisho. Hutajwa kwanza Waitaliano watatu wa Shirika la Wamisionari Waksaveri, yaani Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Baada yao ndipo linapofuata jina la Albert Joubert, ambaye Wakongomani humwita Abbé, kama wanavyowaita mapadre wote wa jimbo.

Kwa waamini wa mkoa wa Tanganyika, huyo wa mwisho ndiye wa nyumbani. Alizaliwa Oktoba 18, 1908 huko Saint Louis de Mrumbi, katika eneo la Moba, kusini mwa Kalemie. Mama yake alikuwa mwenyeji wa pwani hiyohiyo ya ziwa. Aliuawa akiwa na miaka 56 huko Fizi, kaskazini mwa Kalemie. Maisha yake yalianza upande mmoja wa mji huu yakaishia upande wa pili, bila kuliacha ziwa.

Hata hivyo, ukiuliza habari za hija, Mkatoliki wa mashariki mwa Kongo atakutajia kwanza Kibeho nchini Rwanda, mahali ambapo Kanisa linakubali kwamba Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule. Wengine watakutajia Namugongo nchini Uganda. Ni wachache watakaokumbuka kwamba kwenye ufukwe wao wenyewe yumo mwenyeheri ambaye faili lake huko Roma bado halijafungwa. Ili aitwe mtakatifu, faili hilo linahitaji kitu ambacho Roma haiwezi kukitengeneza: watu wa kawaida wanaomwomba, wanaopokea, na wanaoweza kuthibitisha walichopokea.

Mtoto wa Mrumbi

Historia ya familia ya Joubert imefungamana na historia ya Kalemie kuliko wengi wanavyojua.

Baba yake, Léopold Louis Joubert, alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Ujanani alijiunga na askari wa kujitolea waliokuwa wakimlinda Papa, na mwaka 1860 alipigana katika vita vya Castelfidardo. Baadaye Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe, alimwomba aende kulinda misheni za Ziwa Tanganyika. Ufukwe wa magharibi ulikuwa ukishambuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, na vijiji vizima vilikuwa vikichomwa moto. Kapteni Joubert alifika Mpala mwaka 1887, kisha akahamia Mrumbi. Mwaka 1888 alimuoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hiyo, kwa ndoa ya Kanisa.

Alikuwa na bunduki chache na maadui wengi. Habari za hali yake zilipofika Ulaya, chama cha Wabelgiji waliopinga utumwa kilituma msafara wa kumsaidia, ukiongozwa na Kapteni Alphonse Jacques. Mwishoni mwa Desemba 1891 Jacques alijenga kambi ufukweni na kuipa jina la Albertville. Jina hilo ndilo lililobebwa na mji huu hadi baada ya uhuru, ulipoitwa Kalemie. Kwa maneno mengine, mbegu ya Kalemie ilipandwa na watu waliokuja kumwokoa baba yake Albert.

Historia hiyo ina upande wa pili, nao pia lazima usemwe. Bunduki zilizowazuia wawinda watumwa zilifungua pia njia ya utawala wa kikoloni, na misheni za wakati ule zilikuwa na mamlaka juu ya mashamba, mahakama na watu. Kapteni Joubert mwenyewe hakurudi Ulaya kula pensheni. Ugonjwa wa malale ulipolivamia eneo la Mrumbi alihamia karibu na Moba, akaendelea kuishi huko na mkewe na watoto wao mpaka alipofariki Mei 27, 1927.

Albert alizaliwa wakati baba yake ana miaka 66. Alikuwa mtoto wa rangi mbili katika koloni lililowagawa watu kwa rangi. Nchini Kongo ya Wabelgiji, watoto wengi wa baba mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao na kupelekwa kwenye vituo, mara nyingi vya kidini, ambako ukoo wao ulifichwa. Mwaka 2019 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa jambo hilo. Desemba 2, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano walipokuwa watoto wadogo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Albert aliepuka mkasa huo kwa sababu wazazi wake walifunga ndoa na kuishi pamoja. Alikua akimjua mama yake, lugha yake na watu wake.

Njia ya upadre ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mwana mwingine wa pwani hiyo. Stefano Kaoze, aliyesoma katika shule ya misheni ya Mpala, alipewa upadre Julai 1917 huko Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu karibu na Moba. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kuwa padre katika enzi ya ukoloni, na alifariki mwaka 1951 hapahapa Kalemie, mji ukingali unaitwa Albertville. Albert Joubert aliifuata njia hiyo na kupewa upadre mwaka 1935, wakati jimbo likiongozwa na Askofu Victor Roelens.

Rozari iliyotoka Algiers

Mtu akitaka kujua ni ibada gani iliyomlea mtoto wa Mrumbi, atazame mavazi ya Mapadre Weupe. Walivaa kanzu nyeupe kama ya watu wa Afrika ya Kaskazini, na shingoni walitundika rozari. Haikukaa mfukoni. Ilionekana kifuani, mahali ambapo kila mtu aliyekutana nao angeiona.

Desturi hiyo ilitoka Algiers. Juu ya kilima kinachotazama bahari kuna Basilika la Bibi Yetu wa Afrika, lililowekwa wakfu mwaka 1872 wakati Lavigerie akiwa Askofu Mkuu wa mji huo. Chanzo chake kilikuwa kidogo sana. Wanawake wawili kutoka Lyon, waliokwenda Algeria pamoja na Askofu Louis Pavy mwaka 1846, waliweka sanamu ndogo ya Bikira Maria kwenye mti wa mzeituni bondeni. Watu wakaanza kupita hapo kusali. Basilika lilikuja baadaye, kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imekwisha kuchora njia. Ndani yake, juu ya altare, yameandikwa maombi kwa Bibi Yetu wa Afrika ili awaombee Wakristo na Waislamu pia.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Algiers kuelekea maziwa makuu ya Afrika, ukapitia Zanzibar na Tabora, na mwaka uliofuata ukafika Ziwa Tanganyika. Katika mizigo yao kulikuwa na vitambaa, dawa na shanga za biashara. Rozari zilikuwa shingoni mwao.

Kwenye ufukwe wa magharibi ibada hiyo ilipata udongo mzuri. Rozari haihitaji kujua kusoma, haihitaji padre kuwepo, haihitaji jengo. Katekista mmoja kijijini aliweza kuwakusanya watu jioni na kusali nao. Padre alipokawia miezi mitatu au sita, imani ilishikiliwa na katekista huyo, pamoja na akina mama waliowafundisha watoto Salamu Maria kabla hata hawajaenda shule. Mpaka leo, mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba ni miezi ya rozari katika jumuiya ndogondogo za ukanda huu. Familia hupokezana sanamu ya Bikira Maria, na mwenye nyumba huandaa kiti, kitambaa cheupe na mshumaa.

Hiyo ndiyo hali aliyokulia Albert Joubert: Ukristo unaobebwa na watu wasio na vyeo.

Jumamosi ya Novemba 28

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo. Uvira ilichukuliwa mwezi Mei. Albertville ikaangukia mikononi mwa waasi mwezi Juni, na jeshi la serikali likaikomboa mwishoni mwa Agosti. Fizi na Baraka zilibaki mikononi mwa waasi. Ni eneo hilohilo ambako Ernesto Che Guevara alifika kutoka Kigoma mwaka uliofuata kujaribu kusaidia mapinduzi.

Waksaveri, ambao shirika lao lilianzishwa Parma, Italia, na Mtakatifu Guido Maria Conforti, walikuwa wamefika katika eneo la Uvira mwaka 1958. Walikuwa vijana. Didonè alikuwa na miaka 34, Carrara 31, Faccin 30. Joubert, mwenye umri wa miaka 56, angeweza kuwa baba yao. Yeye na Didonè walikuwa Fizi. Carrara na Faccin walikuwa Baraka. Hatari ilipoongezeka, walibaki kwenye misheni zao.

Novemba 24 wanajeshi wa miavuli wa Ubelgiji walitua Stanleyville, leo Kisangani, kuwaokoa mateka wazungu. Waasi walighadhibika, na katika siku zilizofuata wamisionari wengi waliuawa sehemu mbalimbali za nchi.

Novemba 28 ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Majilio kuanza. Mchana gari la kijeshi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Bruda Faccin aliamriwa kupanda. Alipokataa, alipigwa risasi. Padri Carrara alikuwa akiungamisha waamini waliokuwa wakijiandaa kwa Majilio. Alitoka nje na kumkuta mwenzake chini. Naye aliambiwa apande gari. Alichagua kubaki na mwenzake, akapiga magoti kando ya mwili wake, na akauawa hapo.

Gari likaendelea hadi Fizi. Usiku ulipokuwa umeingia, mlango wa misheni ulibishwa. Padri Didonè alifungua na kupigwa risasi. Padri Joubert aliuawa mara baada yake. Hakuna hotuba iliyorekodiwa kutoka kinywani mwake, wala sala ndefu. Kilichobaki ni kwamba alikuwepo.

Kanisa lilichukua karibu miaka 60 kulitazama jambo hilo. Swali lililopaswa kujibiwa halikuwa kama waliuawa, bali kwa nini. Mtu anayeuawa katika vita vya siasa hahesabiwi kuwa mfiadini kwa sababu ya kuuawa tu. Ni lazima ionekane kwamba waliomuua walichukia imani aliyoibeba, na kwamba yeye alikubali kifo bila kuikana. Mashahidi walihojiwa, nyaraka zikakusanywa, na Desemba 2023 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha tamko la kwamba walikufa kwa ajili ya imani. Miezi minane baadaye Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, aliongoza ibada ya kuwatangaza wenyeheri mjini Uvira.

Skapulari, sanamu ndogo na watu wadogo

Joubert anaingia katika kundi dogo la wenyeheri wa Kongo, na wanaofahamika zaidi katika kundi hilo walikuwa watu wa kazi za chini, walioshikilia kitu kidogo cha Bikira Maria.

Isidore Bakanja alikuwa kijana msaidizi wa waashi, kisha mtumishi wa nyumbani kwa wakala wa kampuni ya Wabelgiji huko Ikili, katika eneo la Équateur. Alikuwa mwamini mlei aliyezungumza na wenzake juu ya imani yake, na shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Bosi mmoja alimwamuru aivue. Alipokataa, alichapwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kimoja. Aliugua miezi kadhaa, akamsamehe aliyemtesa, na akafa Agosti 15, 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1994.

Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliuawa Isiro usiku wa kuamkia Desemba 1, 1964, siku tatu tu baada ya mauaji ya Fizi na Baraka, katika uasi uleule. Alikataa kulazimishwa kuwa mke wa afisa wa waasi. Mfukoni mwa vazi lake alikuwa ameweka sanamu ndogo ya Bikira Maria. Miezi kadhaa baadaye, mabaki yalipofukuliwa kutoka kaburi la pamoja, sanamu hiyo ilisaidia kumtambua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri jijini Kinshasa Agosti 15, 1985.

Mwashi na mtawa mwalimu. Mwaka 2025 aliongezwa kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa forodha aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika. Katika orodha hiyo hakuna askofu wala mtawala. Na mpaka mwaka 2025 unamalizika, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefikia hatua ya mwisho ya kutangazwa mtakatifu, ingawa Kongo ndiyo nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika.

Kibeho: hija haianzi na jengo

Namna mahali pa hija panavyozaliwa inaonekana vizuri Kibeho.

Novemba 28, 1981, mchana, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake chakula katika bwalo la shule ya masista, aliposema kwamba amemwona mwanamke aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Majilio yalikuwa yanaanza. Tarehe, siku ya juma na mkesha wa Majilio vinalingana na usiku wa Fizi, miaka 17 kabla. Kanisa halijajenga fundisho lolote juu ya ulinganifu huo, na wala si lazima. Lakini mwamini wa ukanda wa ziwa anayezijua habari zote mbili atakuwa na sababu mbili za kuwasha mshumaa tarehe hiyo.

Alphonsine alichekwa. Alitoka familia maskini na shule yenyewe ilikuwa ya kijijini. Baadaye wenzake Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango walisema nao wameona. Askofu wa Butare, Jean-Baptiste Gahamanyi, aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Aliruhusu ibada ya hadhara Agosti 15, 1988. Uamuzi wa mwisho ulitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro Juni 29, 2001, miaka karibu 20 tangu tukio la kwanza. Marie Claire hakuiona siku hiyo. Aliuawa katika machafuko ya katikati ya miaka ya 1990. Kibeho yenyewe ilikuwa imepitia umwagaji damu mkubwa mwaka 1994 na 1995, hata kanisani.

Katika miaka hiyo yote watu hawakungoja hati. Walitembea kwa miguu kutoka wilaya za mbali za Rwanda, wakavuka mipaka kutoka Burundi na Kongo, wakalala nje, wakasali rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Hati ya mwaka 2001 iliwakuta wakiwa wamekwisha kufika.

Kwa mahujaji wa Kongo, safari ya Kibeho sasa ni ngumu. Uhusiano kati ya Kinshasa na Kigali umeharibika, vita vya Kivu vimefunga njia nyingi, na kwa familia ya Kalemie gharama ya boti, magari na hati za kusafiria ni mzigo mzito. Ndiyo maana swali la hija ya karibu lina uzito. Mrumbi, Mpala na Moba ziko ndani ya mkoa huuhuu. Fizi na Baraka ziko kwenye ufukwe huuhuu.

Muujiza na karatasi za hospitali

Mfiadini hahitaji muujiza ili atangazwe mwenyeheri. Damu yake inatosha. Lakini ili atangazwe mtakatifu, kwa kawaida Kanisa linadai muujiza mmoja uliotokea baada ya hapo, kwa maombezi yake. Kwa Joubert na wenzake, saa hiyo ilianza kuhesabu Agosti 18, 2024.

Mara nyingi muujiza unaochunguzwa ni uponyaji. Masharti yake ni makali. Ugonjwa uwe mkubwa na uthibitishwe na daktari. Kupona kuwe kwa haraka, kamili na kwa kudumu. Dawa zisiweze kukueleza. Kisha ionekane kwamba watu walimwomba mwenyeheri huyo hasa. Uchunguzi huanzia kwenye jimbo ambako jambo limetokea, si Roma. Baadaye hupitia kwa madaktari, wanateolojia, makardinali na maaskofu, na mwisho kwa Papa.

Hapo ndipo penye tatizo la watu wa Tanganyika. Katika zahanati nyingi za ukanda huu historia ya mgonjwa imo katika daftari la mkono au kwenye kijikaratasi anachokwenda nacho nyumbani. Mgogoro kati ya Watwa na Waluba uliopamba moto kuanzia mwaka 2016 uliwafukuza maelfu ya watu vijijini, wakaja kupiga kambi Kalemie wakiwa na walichoweza kubeba kichwani. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya karibuni, nyumba za mitaa ya ufukweni mwa Kalemie zilifurika. Mtu aliyekimbia mara mbili hana picha ya eksirei ya mwaka juzi. Anaweza kuwa amepona kweli, akaimba na kushukuru kwa dhati, na bado asiwe na kitu cha kumwonyesha daktari wa tume.

Kuna jambo la pili. Wamisionari watatu Waitaliano wana shirika lenye nyumba katika mabara kadhaa, lenye majarida na watu wa kuandika, na wana vijiji vyao vya kuzaliwa huko Bergamo na Vicenza vinavyowakumbuka. Padri wa jimbo hana shirika. Familia yake ni jimbo, na sauti yake ni waamini. Kama watu wa Moba, Kalemie na Fizi hawamtaji Albert Joubert katika sala zao, ni nani mwingine atakayemtaja?

Hilo halimaanishi kumtenganisha na wenzake. Walikufa siku moja na wametangazwa pamoja; anayemwomba mmoja anaweza kuwaomba wote wanne. Lakini jina lisilotajwa husahaulika, hata likiwa limesomwa mbele ya kardinali.

Kinachoanza nyumbani

Sala kwa mwenyeheri haingoji jengo. Inaweza kuongezwa mwishoni mwa rozari ya jumuiya, jioni ileile ambapo sanamu ya Mama Maria inahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Mgonjwa anaweza kukabidhiwa kwa maombezi yake kwa siku tisa, huku akiendelea na matibabu. Kanisa halimwambii mtu aache dawa ili athibitishe imani yake. Bila cheti cha daktari hata muujiza wenyewe hauwezi kuchunguzwa.

Na pale mtu anapoamini amepokea neema, hatua ya kwanza ni ya karani: kutunza kila karatasi ya hospitali, kuandika tarehe, kuandika ni nani waliosali na walimwomba nani, kisha kumpelekea paroko. Paroko naye hupeleka habari hiyo kwa askofu. Kutangaza ushuhuda kwenye vipaza sauti kabla ya hapo hakusaidii kitu, na mara nyingine huharibu.

Bakanja alingoja miaka 85 kutoka kifo hadi kuitwa mwenyeheri. Joubert alingoja 60. Anuarite ameitwa mwenyeheri tangu 1985 na bado anangoja hatua ya pili. Kanisa halina haraka katika mambo haya, lakini karatasi huoza na mashahidi huzeeka.

Agnes Atakaye alimpa mwanawe lugha ya ziwa. Rozari iliyofika Mrumbi ilikuja kwa miguu kutoka pwani ya bahari, shingoni mwa watu waliokuwa wakitetemeka kwa homa. Wenye kuipokea hawakuwa na kanisa la mawe wala padre wa kila Jumapili. Walikuwa na katekista mmoja na jioni moja ya kusali. Kwa hayo waliweza kumlea mwenyeheri. Novemba 28 ijayo, katika kila kigango kati ya Moba na Fizi, vitu hivyo viwili bado vinapatikana.